Vita vya Abushiri vilikuwa vya nani?

Juzi mpwa wangu alinipa daftari lake la historia nimshikie wakati anakariri. Sababu za kushindwa kwa Abushiri, yule aliyepigana na Wajerumani kwenye pwani ya Tanzania: moja, silaha duni, mbili, ukosefu wa umoja, tatu, usaliti. Alizitiririsha bila kupumua, kama mtoto wa chuoni anayemaliza juzuu. Nikamwuliza, umoja uliokosekana ni wa nani na nani?

"Mjomba, hiyo hatujafundishwa."

Na mimi sikufundishwa. Ila hiyo namba mbili inanikera tangu nilipoanza kuisoma habari hii kwa raha zangu, bila mtihani mbele yangu. Mwaka 1888 umoja ulikuwapo, tena wa kutisha, toka Tanga mpaka Mikindani. Na Abushiri hakuuanzisha yeye. Aliukuta barabarani.

Aprili mwaka ule Sayyid Khalifa wa Zanzibar alitia saini kuikodisha pwani yote, kutoka mto Umba hadi Ruvuma, kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, kwa miaka 50. Wenye pwani hawakuulizwa. Agosti kampuni ikaja kuchukua forodha. Pangani aliletwa Emil von Zelewski, kijana mwenye amri nyingi na subira ndogo. Alitaka bendera ya kampuni ipande, liwali, yaani mwakilishi wa Sayyid mjini, akagoma kumtii. Zelewski akaita askari wa manowari.

Hapo ndipo napenda msomaji atulie kidogo. Ilikuwa Idd el Hajj. Mji umejaa, watu wamevaa kanzu zao nzuri, jamaa wa mashambani wamekuja kusali na kula nyama. Mabaharia wa Kijerumani wakashuka pwani, wakaukata mlingoti wa bendera ya Sayyid, na katika kumsaka liwali wakaingia msikitini na viatu vyao na mbwa wao. Mbwa, msikitini, siku ya Idd! Kama ungetafuta jambo moja la kuwapatanisha watu wa Pangani ambao hawakuwa na kawaida ya kupatana, usingepata zuri zaidi ya hilo.

Maana hawakuwa ndugu wale. Waarabu wenye mashamba ya miwa walikuwa na ugomvi wao na nyumba ya Busaidi, ukoo wa masultani wa Zanzibar. Majumbe wa Kiswahili, wakubwa wa miji, walikuwa na vinyongo na hao Waarabu, kwa madeni na kwa kunyang'anywa heshima katika mji wa baba zao. Wazigua na Wabondei waliokuja na bunduki zao waliitwa washenzi na watu wa mjini. Wapagazi wa misafara waliogopa kukosa kazi, na watumwa wa mashambani walikuwa na hesabu zao ambazo mabwana wasingependa kuzisikia. Kampuni iliwafanyia wote hisani ya kuwatisha kwa mkupuo mmoja: forodha mpya, kodi mpya, na amri kwamba ardhi iandikishwe, isiyoandikishwa iwe ya kampuni.

Septemba watu wakawafungia maofisa wa kampuni ndani ya nyumba yao. Sayyid akamtuma jemadari wake Mwingereza, Lloyd Mathews, aje kutuliza mji. Mathews alifaulu kuwatoa Wajerumani, kisha yeye mwenyewe akaonyeshwa njia ya baharini. Kilwa Wajerumani wawili wa kampuni waliuawa mwezi huohuo.

Sasa ndipo Abushiri bin Salim al-Harthi anapopanda jukwaani. Alikuwa na shamba la miwa, alikuwa na watumwa (tusimpake chokaa), na uadui wake na masultani ulikuwa wa siku nyingi. Hilo la mwisho ndilo lililomfaa. Watu walikwisha kumkana Sayyid aliyeikodisha nchi, wakahitaji mkubwa asiyekula mezani kwake. Kazi yake ilikuwa kuushika mkutano ule usitawanyike, na kwa miezi kadhaa aliushika. Wazungu wasafiri Hans Meyer na Oscar Baumann walipoangukia mikononi mwake aliwatoa kwa fidia badala ya kuwaacha wauawe. Mapadri wa Bagamoyo aliwaacha salama. Wale wa Pugu hawakupata bahati hiyo. Misheni yao ilivamiwa Januari 1889 na baadhi yao wakauawa.

Kule Berlin, Bismarck, kansela wa Ujerumani, alihitaji bunge limpe fedha. "Wenyeji wamekataa kampuni yetu" isingetoa hata marki moja. Likapatikana jina zuri: uasi wa Waarabu, wafanyabiashara ya watumwa. Bunge likatoa marki milioni 2. Tangu hapo vita vya pwani nzima vikabeba sura ya Mwarabu mmoja, nasi tukalirithi jina hilo mpaka kwenye daftari la mpwa wangu. Hemedi bin Abdallah el Buhriy, aliyekuwa hai wakati wenyewe, utenzi wake aliuita wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, yaani Wajerumani kuitawala pwani. Tazama nani ametajwa hapo, na nini kimetajwa.

Fedha zile zikamleta ofisa wa Kijerumani Hermann Wissmann, na Wasudani walioajiriwa Misri na askari wengine kutoka Msumbiji. Tarehe 8 Mei 1889 akaivunja boma ya Abushiri pale Nzole, karibu na Bagamoyo. Baada ya hapo kila mtu alikumbuka kwao. Wenye mali wakataka amani ili mali ibaki. Abushiri akaenda bara, akaishambulia Mpwapwa, akarudi na Wambunga, wapiganaji wa bara, ambao walipora vijiji vya Uzaramo, yaani vijiji vya watu aliodai kuwapigania. Kosa lake kubwa, kwa maoni yangu, ni hilo, wala si uchache wa mizinga. Mwishoni Jumbe Magaya alimkamata na kumkabidhi kwa Wajerumani, nao walikuwa wametangaza zawadi. Akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Kama vita vingekuwa vyake peke yake, vingekwisha siku hiyo. Lakini Bwana Heri, mtawala wa Saadani, aliendelea hadi Aprili 1890, na Kilwa na Lindi zilitekwa Mei. Zelewski naye alirudi akiwa kamanda, akamfuata Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akafia Lugalo Agosti 1891.

Nilimweleza mpwa wangu yote haya, chai ikapoa. Akanisikiliza vizuri, kisha akauliza kama mtihanini aandike hivyo. Nikamwambia andika ukosefu wa umoja, uchukue maksi zako. Akaandika. Halafu pembeni, kwa penseli, akaongeza: "umoja wa nani?"