Vijiti vya kiberiti au kukariri?

Mpwa wangu yuko Gredi ya 3 hapa Nyalenda, Kisumu. Juzi aliandika 32 − 17 = 25. Hakubahatisha: 2 kutoa 7 aliona haiwezekani, akageuza, akatoa 2 kwenye 7. Maneno ya "kukopa" anayajua kwa moyo. Kinachokopwa ndicho hakijui.

Tangu mtaala wa umilisi uanze rasmi katika madarasa ya chini mwaka 2019, vifuniko vya soda, maharagwe na vijiti vimekuwa vifaa vya hesabu, na wazazi wengi wananung'unika. Sisi tulikariri jedwali la kuzidisha, wanasema, na hesabu tunazijua. Hapo wana haki. Mtoto anayetafuta 7 mara 8 kwa vifuniko kila siku atachoka kabla hajalifikia swali lenyewe. Tena darasa likiwa limefurika, vifuniko vikimwagika, kipindi kinaishia kwenye kuviokota.

Lakini kukariri zaidi kusingemwokoa kijana wangu. Tulifunga vijiti vya kiberiti kumikumi kwa uzi, tukapata mafungu 3 na vijiti 2 vya peke yake. Nikamwomba 17. Akanipa fungu 1, akanipa vile 2, akakwama. Alilikodolea macho fungu kwa muda mrefu.

"Mjomba, naruhusiwa kulifungua?"

Kwangu mimi, swali hilo lina thamani kuliko kurasa kumi za mazoezi. Lugha ya bibi yake inalitaja wazi fungu hilo la kumi: kwa Kidholuo 12 ni *apar gariyo*, kumi na mbili, na 30 ni *piero adek*, makumi matatu. Neno la Kiingereza la 12 linalificha kumi hilo.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Jerome Bruner, alieleza katika miaka ya 1960 kwamba mtu huelewa kwa kutenda, kwa picha, kisha kwa alama. Ninavyoona, tunapokosea ni katikati: leo vifuniko, kesho daftari, na hakuna anayemwonyesha mtoto kwamba ni jambo lilelile. Vifaa vya namna hiyo ni mchezo tu, na wazazi wana sababu ya kulalamika.

Kwa hiyo nilimwekea daftari kando ya vijiti. Kila alichofanya kwa mkono, akiandike papo hapo. Alipofungua uzi, alikata 3 akaandika 2, akahesabu vijiti vilivyolegea, pamoja na vile 2 alivyokuwa amenipa: 12. Akanimalizia deni langu la vijiti 5.