Nakala Rudufu za Usiku na Kache ya Seva

Katika ofisi moja ya hapa Dodoma niliyowahi kuihudumia, malalamiko yalikuwa yaleyale kila asubuhi: jalada la mteja lililofunguka papo hapo jana jioni, leo saa moja na nusu linasuasua, na ikifika saa tatu mambo yanatengemaa yenyewe. Diski zilikuwa nzima na mtandao haukuwa na kasoro. Kilichokuwa kimetokea ni kazi ya nakala rudufu, ambayo ilianza saa nane usiku na kusoma data nyingi mara kadhaa kuliko RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ya seva.

Linux, mfumo endeshi wa seva hiyo, hutumia RAM isiyo na kazi kuwa kache ya diski, ikihifadhi kila ukurasa (kipande cha data) uliosomwa, kwa kawaida wa kilobaiti 4, kwa kutarajia kwamba utaombwa tena. Mtu wa masjala ataelewa upesi: majalada ya kila siku hukaa mezani, na mkaguzi akishusha makabati yote juu ya meza hiyo usiku, karani huanza asubuhi kwa kutafuta upya.

Wanaosema keneli, yaani kiini cha Linux kinachosimamia kumbukumbu, iachwe ifanye kazi yake wana hoja. Kurasa zilizosomwa mara moja huwekwa kwenye orodha ya zile zinazotangulia kutolewa, hivyo usomaji mmoja mrefu haupaswi kufukuza zile zinazotumika. Hata hivyo, programu ikisoma faili mara mbili, kwanza kulihakiki kisha kulinakili, kurasa zake huhesabiwa kuwa za thamani, ilhali zile za mchana hazina wa kuzigusa usiku kucha.

Wanaotaka kuingilia huelekeza kwenye posix_fadvise, wito wa programu ambao huiambia keneli kwamba kurasa hizi hazihitajiki tena. Ubaya wake ni kwamba inaweza kutupa hata kurasa za hifadhidata zilizokuwamo kwenye kache tangu mwanzo, jambo ambalo zana ya nocache hujaribu kulikwepa kwa kukagua kwanza kilichokuwamo. (Wapo pia wanaomwaga kache nzima kwa drop_caches baada ya kazi, huko ni kuutenda kwa mkono uharibifu uleule.) Nayo amri ya ionice hupanga foleni ya diski, haigusi kache.

Mimi naegemea kuiwekea kazi hiyo kikomo cha kumbukumbu kupitia cgroup (kundi la programu ambalo keneli hulihesabia matumizi yake), kwa mpangilio wa MemoryHigh wa systemd, programu inayosimamia huduma za Linux. Ukurasa huhesabiwa kwa kundi lililouleta kwanza kwenye kumbukumbu, kwa hiyo nakala rudufu ikifika kikomo hubanwa kwanza kuachia kurasa zake yenyewe. Gharama ipo: programu ya kubana data inayohitaji kumbukumbu zaidi ya kikomo hicho itajikokota, na ukitumia MemoryMax, kikomo kisichovukika, badala yake inaweza hata kuuawa katikati ya kazi. Pale ofisini tulikubali imalize saa kumi na moja alfajiri badala ya saa kumi, kwa kuwa saa hiyo hakuna aliye kazini. Kwenye seva ya wodi inayopokea wagonjwa usiku kucha, ningepima upya.