Malta kiangazi: mchana lala, kisiwa chenyewe kinaanza jioni

Mama alinipigia WhatsApp Jumapili moja asubuhi tukiwa sokoni Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi, nikamwamkia, na kabla hajamaliza kuitikia marahaba akasikia sauti ya muuza samaki nyuma yangu anahesabu. Akaniuliza, "We mwanangu, si ulisema unaenda Ulaya? Huyo Mwarabu anayehesabu hapo ni nani?" Nikamwambia mama huyu sio Mwarabu, ni Mmalta, tena Mkatoliki haswa, msalaba uko shingoni. Lakini sikio la mama halikukosea hata kidogo. Yule bwana alikuwa anatia samaki kwenye mfuko anasema ħamsa, sitta, sebgħa, na sisi tuliokulia Tanga ukitutajia sitta na sebgħa hatuhitaji mkalimani.

Basi kuanzia siku ile mi na mdogo wangu ikawa ndo kazi yetu, kuokota maneno. Tisa wanasema disgħa, ishirini għoxrin, thelathini tletin, hamsini ħamsin, mia ni mija na elfu ni elf. Bahari ni baħar. Kitabu ktieb, nusu nofs, saa siegħa. Ukifika uwanja wa ndege unapokelewa na Merħba. Na lililonigusa kuliko yote, Kwaresima wanaiita Randan, yaani Ramadhani ile ile, maana Waarabu walikichukua kisiwa mwaka 870, baadaye dini ikabadilika ila lugha ikabaki midomoni mwa watu, ikachanganyika na Kiitaliano cha Sicily mpaka leo. Nimeishi Ujerumani miaka kadhaa sasa, nimezunguka nchi kibao za huku, sijawahi kukaa kwenye basi la Ulaya nikasikia watu nyuma yangu wanataja bei na mi naelewa nusu yake bila kusoma. Na Wakristo wanaoijua Biblia ya Kiswahili kisiwa hiki wanacho tayari, ndo ile Melita ya Matendo ya Mitume sura ya 28, alipotupwa Paulo meli ilipovunjika, nyoka akamng'ata mkono asidhurike.

Sasa nije kwenye nilichotaka kusema, maana kila nikiona watu wanapanga kwenda Malta Julai au Agosti orodha yao ni moja, ile ghuba maarufu ya kuogelea, Blue Lagoon, Blue Lagoon, Blue Lagoon. Jamani hapana. Mi naona Malta ya kiangazi watu wengi wanaikosa kwa sababu wanaizunguka saa ambazo wenyeji wamefunga madirisha wamelala. Lile jua sio la kuchezea. Sisi tuna minazi, tuna miembe, tuna upepo wa kusi, Malta ni jiwe tupu la rangi ya asali, miti ya kuhesabu, mvua mwezi wa saba hamna kabisa, na lile jiwe linakula joto mchana kutwa halafu linakurudishia wewe. Siku ya pili tulienda Ħaġar Qim saa saba mchana, kosa letu, mahekalu ya mawe ya zaidi ya miaka elfu tano yaani ya zamani kuliko mapiramidi ya Misri, kitu cha kusimama ukatazama polepole, lakini mdogo wangu alianza kuona kizunguzungu nikamkalisha chini nikammiminia chupa nzima ya maji kichwani, mahekalu tukayatazama nusu nusu. Tungefika asubuhi wanapofungua tungeyafaidi.

Na hiyo Blue Lagoon yenyewe tulienda. Iko Comino, kisiwa kidogo cha kilomita za mraba tatu na nusu hivi kati ya kisiwa kikubwa cha Malta na Gozo, kisiwa chao cha pili, wenyewe wanaita Kemmuna, jina la bizari nyembamba, ndo inasemekana ililimwa pale zamani. Maji, sitadanganya, maji yale ni mazuri kupita maelezo, buluu ya maziwa unaona vidole vyako vya miguu. Lakini tulifika saa tano hakuna pa kuweka hata taulo, muziki wa boti tatu unagongana, takataka za nanasi zimejaa pembeni (vinywaji vinauzwa ndani ya nanasi), na boti tuliyokata tiketi ilituahidi itatufuata saa nane ikaja saa kumi na moja, masaa matatu tuko juani hakuna kivuli, kuna mama mmoja ana mtoto mchanga pale alikuwa analia mama na mtoto analia. Niliumia. Niliumia zaidi kwa ajili ya wenyeji, maana ile ni hifadhi ya asili na ni bahari yao. Mwaka 2022 wanaharakati wa Malta walikwenda wenyewe kuondoa viti na miavuli ya kukodisha iliyokuwa imemaliza ufukwe wote, na 2025 serikali ikaanzisha utaratibu wa kubuku muda mtandaoni ndo uingie. Ni hatua, ila kwa maoni yangu ukitaka kuogelea huhitaji Comino kabisa.

Nenda kaogelee wanapoogelea wenyewe. Sisi tulihamia Gozo siku tano za mwisho, na pale Marsalforn saa kumi na mbili jioni wanashuka mabibi. Wanakuja wanne watano, kofia za majani kichwani, ndala miguuni, wanaingia majini mpaka shingoni na hawaogelei, wanasimama tu duara wanapiga stori lisaa lizima, kofia ziko juu ya maji zinatikisika wakicheka. Mmoja akatuita kwa mkono tukajiunga. Anaongea Kiingereza vizuri tu (Waingereza waliwatawala mpaka Septemba 1964, gari zinapita kushoto kama kwetu na soketi ni zile zile za pini tatu, chaja yako ya nyumbani inaingia), akatuuliza tumetoka wapi, nikamwambia Tanzania, akauliza kwenu mnahesabuje, nikahesabu, nilipofika sita na saba wale mabibi wote walipiga kelele.

Kutoka hapo Marsalforn unafuata barabara ya pwani kwa miguu unafika Xwejni kwenye mashamba ya chumvi. Hapa ningewaomba msipite na gari mkapiga picha mkaondoka. Ni mamia ya vidimbwi vya mraba vimechongwa kwenye mwamba wa chokaa pembeni kabisa ya bahari, wanajaza maji ya bahari, jua linayakausha siku kadhaa, na kiangazi ndo msimu wake. Tulifika asubuhi mapema tukamkuta mzee na kijana wanafagia, ufagio mkubwa unasukuma chumvi taratibu kuelekea kona moja, inakwenda na sauti kama ya mtu anapepeta mchele, halafu wanaichota kwa koleo kwenye ndoo, wanaimwaga lundo sehemu ya juu ijichuje. Miguu ya mzee ilikuwa myeupe mpaka kwenye ugoko. Chumvi nyingine ilikuwa nyembamba kama karatasi juu ya maji, akaichukua kwa kiganja akatuonjesha, haichomi ulimi kama ya dukani. Ng'ambo ya barabara wana chumba wamekichimba mwambani, mnauziwa hapo hapo. Nilinunua mifuko minne, miwili ya mama.

Chakula sitaandika sana, mtapata wenyewe. Pastizzi, mfano wa sambusa zao, kula za njegere na za jibini zikiwa za moto, kifungua kinywa cha bei rahisi kuliko vyote. Mkate wa ħobż biż-żejt, una nyanya, mafuta ya zeituni na jodari, ndo wa kubeba ufukweni. Samaki wao wa lampuki msimu unaanza Agosti, sisi hatukumpata. Na watu wa halua, ipo! Wanaiita ħelwa, ila ni ya ufuta, ngumu, haivutiki kama ya Unguja. Pale Marsaxlokk tazama na mashua zao za luzzu, njano, buluu na nyekundu, zimechorwa macho mawili mbele, na mtu wa Lamu akiyaona atasema mbona haya ya kwetu, maana majahazi ya Lamu nayo yana macho.

Valletta nenda mapema au jioni. Mji umejengwa na Knights wa Mtakatifu Yohana, wale wapiganaji wa Kikristo, kuanzia 1566, mwaka mmoja baada ya kuzingirwa na Waturuki, na roshani za mbao zilizofungwa zinaning'inia juu ya vichochoro, nilijiona niko Mji Mkongwe. Saa zile za jua kali ndo uingie kanisa la Mtakatifu Yohana, ndani baridi, sakafu nzima ni makaburi ya marumaru ya rangi rangi, na kuna ile picha kubwa ya mchoraji Caravaggio ya 1608 ya kukatwa kichwa Yohana Mbatizaji, sahihi yake ameichora ndani ya damu. Hypogeum, yale makaburi ya chini ya ardhi, wanaingiza watu kumi tu kwa zamu na tiketi zinaisha wiki nyingi kabla, sisi tulichelewa tukakosa na mpaka leo inaniuma. Nunua tiketi hiyo kabla ya tiketi ya ndege.

Lakini ukiniuliza kitu kimoja tu cha kukupeleka Malta majira ya joto, ni festa. Kila kijiji kina mtakatifu wake na kila mtakatifu ana wiki yake, kuanzia Juni mpaka Septemba hakuna wikiendi inayopita bure. Sisi tuliikuta ya Mtakatifu George mjini Victoria, Gozo, ambayo ni Jumapili ya tatu ya Julai, na hata farasi wanashindanishwa kwenye barabara kuu. Mchana mji kimya, nikasema hapa hamna kitu. Saa mbili usiku taa zikawaka zote, mapazia mekundu yametundikwa ukutani, bendi ya matarumbeta inapita, watoto wako mabegani, wazee wamevaa suti kwenye joto lile, vikaratasi vinamwagwa kutoka roshani za juu mpaka huoni lami. Sanamu inatoka kanisani imebebwa mabegani, unawaona wabebaji wanabana meno mishipa imewatoka shingoni, na umati mzima unapiga makofi unalia. Mi nimelelewa Kiislamu, nimekulia kwenye maulidi ya mtaani, lile dufu, yale mavazi, ule ubani, na nilisimama pale nikahisi kabisa najua hii furaha ni ya aina gani. Pembeni mtu anakaanga imqaret, vitumbua vya pembe vilivyojazwa tende, mwingine anauza qubbajt, tamutamu ya lozi, kwa kupima kwenye mizani. Fataki ni nyingi na mlio wake unatikisa kifua, mwenye mtoto mdogo amzibe masikio.

Kwa wanaopanga, feri ya kutoka bandari ya Ċirkewwa kwenda Gozo ni dakika 25 na unalipa wakati wa kurudi tu, basi kiangazi ni euro mbili na nusu, na wa nyumbani mtahitaji viza ya Schengen kwa hiyo anzeni miezi kabla. Festa kubwa kuliko zote ni Santa Marija, 15 Agosti, vijiji kadhaa vinasherehekea siku moja na nusu ya Malta inahamia Gozo, vyumba vinaisha. Sisi tumeshabuku. Mama naye anasema safari hii anakuja, anataka kwenda kumhesabia yule muuza samaki mwenyewe.