Laptopu mbovu ipeleke mnadani, spea zake usizipeleke

Huku Uingereza kwenye magrupu yetu ya WhatsApp kuna ushauri unazunguka kila mtu laptopu yake ikimfia, kwamba itupie eBay, lile soko la mtandaoni, kwenye mnada, anzia peni 99, kaa usubiri hela, na kama unaweza kuifungua basi ndo kabisa, toa kila kitu ndani uza kimoja kimoja kwa mnada hivo hivo. Mi hii biashara ndogo ndogo naifanya, laptopu zilizopasuka kioo, zilizomwagiwa chai, zile zinawaka sekunde tatu zinazima, na spea ninazozichomoa humo, na nasema ushauri huo ni sahihi nusu. Laptopu mbovu nzima, yaani haijachomolewa spea, sawa, mnadani. Spea kuzipeleka mnadani ni kugawa mali yako huku unacheka.

Sababu yenyewe haihitaji shule, angalia tu mnada wa eBay unavofanya kazi. Mtu akitaka mzigo wako anaandika kikomo chake, tuseme pauni 80, lakini mfumo haumpandishi hadi 80, unampandisha hatua kidogo tu juu ya yule anayemfuata. Kama wa pili mwisho wake ni 35, huyu wa 80 anaondoka na mzigo kwa thelathini na kitu na wewe hutajua kamwe kwamba alikuwa tayari kutoa 80. Kwa hiyo bei yako haipangwi na anayeitaka sana, inapangwa na wa pili wake. Kama wa pili hayupo, umeuza peni 99, tena umshukuru.

Ukishalielewa hilo maswali mengine yote yanakuwa rahisi, unajiuliza kitu kimoja tu, je hii kitu ndani ya siku saba nitapata watu wawili wanaoitaka kwa wakati mmoja?

Laptopu mbovu nzima, jibu mara nyingi ni ndiyo, na inashangaza kwa mtu asiyejua. Kumbuka eBay yenyewe ilianza hivo, 1995, Pierre Omidyar aliweka kitochi cha leza kilichoharibika kikanunuliwa dola 14.83, akamwandikia mnunuzi kumuuliza ndugu yangu umeelewa kwamba hiki kibovu, jamaa akamjibu yeye anakusanya vitochi vya leza vilivyoharibika. Sasa kwenye laptopu watu wa aina hiyo wapo wengi na kila mmoja ana lake. Chukua ThinkPad T480, laptopu ya Lenovo ya 2018, hii ni mashine inapendwa sana. Iliyomwagiwa maji haiwaki. Mmoja anaiangalia anaona kioo kizima, yeye kioo chake kimepasuka. Mwingine anaona mazabodi, ule ubao mkubwa wa ndani, ana maikroskopu na chuma cha kulehemu nyumbani anajua atausafisha uwake. Wa tatu ana mashine nzima kabisa ila kava limechakaa anataka kava. Wa nne ni mfanyabiashara ananunua mbovu tatu anaunga moja nzima. Hakuna anayejua bei halali ya hiyo mashine, hata wewe hujui, maana inategemea nani ana shida ya nini wiki hiyo, na mnada kazi yake ndo hiyo, kuwakutanisha watu wenye mahesabu tofauti juu ya kitu kisicho na bei.

Sasa bawaba ya kushoto ya laptopu hiyo hiyo. Nani anaihitaji? Mtu mmoja, ambaye bawaba yake ya kushoto imekatika, na atakuja Jumanne ya mwezi ujao. Ukiiweka mnadani wiki hii unamuuzia mtu wa kubahatisha kwa peni 99, anaikalia, halafu Jumanne ile anamuuzia huyo mhitaji pauni 12. Pauni hizo zilikuwa zako. Spea iweke bei ya kudumu, ruhusu watu watoe ofa, iache hapo hata miezi sita, haili chakula. Nani kakwambia inaoza?

Na bei utaijuaje? Hapo watu wengi wanaangalia matangazo yaliyopo, wanaona mtu kaandika pauni 90 kwenye kibodi na wao wanaandika 85. Yule wa 90 kaikalia toka mwaka juzi! Kuna kichujio cha kuonesha vilivyouzwa, kibonyeze, angalia watu walilipa nini kweli kweli. RAM, SSD, chaja, kioo, vyote hivyo bei yake utaiona pale ndani ya dakika mbili, na kitu ambacho bei yake inaonekana ndani ya dakika mbili mnada wa nini sasa.

Haya, turudi kwenye laptopu mbovu nzima, maana kuna watu wanaipeleka mnadani na bado wanaambulia patupu halafu wanalaumu soko. Nikifungua tangazo lao nakuta picha moja ya giza, laptopu imefungwa juu ya kitanda, kichwa cha habari "laptopu ya HP inauzwa kwa spea", na maelezo mstari mmoja, sijaijaribu sina chaja.

Hii ya sijaijaribu inanikera kuliko vyote. Sikiliza, kila mtu anayenunua vibovu anajua maana yake ni kwamba umeijaribu na imekataa, ila hutaki kusema imekataaje. Mnunuzi akishajua unaficha anaweka hesabu ya mabaya yote, mazabodi limekufa, kioo kimekufa, ina pasiwedi, na anatoa dau la mashine ambayo yote hayo yametokea. Wewe ungesema tu ukweli, "inawaka, taa ya chaji inakuja, kioo hakioneshi kitu, nimeichomeka kwenye TV picha ikaja", hapo umemwambia fundi kwamba mazabodi ni zima, tatizo ni kioo au waya wake, na ghafla wale waliotaka mazabodi wote wameingia mnadani. Ubovu ukitajwa kwa jina unaleta wa pili. Ubovu uliofichwa unawafukuza wote anabaki mmoja mvizia bahati.

Kwenye mnada wa ng'ombe pale Pugu mnunuzi anamzunguka mnyama, anamshika mgongo, anamwangalia anavotembea. Huku mtandaoni hana mikono, mikono yake ni picha zako. Kwa hiyo piga chini kwenye lebo yenye modeli kamili (T480 na T480s ni mashine mbili tofauti, spea nyingi haziingiliani), piga kibodi ionekane ni ya mpangilio wa Uingereza au Marekani, piga bawaba ikiwa wazi, piga ufa wenyewe kwa karibu, na kama unaweza kufungua chini piga ndani, maana fundi akiona ubao hauna kutu wala alama za maji anaongeza dau hapo hapo. Ila serial namba ifiche.

Kitu kingine kinachoua bei na watu hawakitaji ni kufuli. MacBook za kuanzia 2018 zenye chipu ya usalama ya T2, na zile za chipu za Apple zenyewe kuanzia 2020, kama hujajitoa kwenye akaunti yako ya Apple mnunuzi amepata ubao usio na kazi, hata ukiwa mzima kabisa. ThinkPad ina ile pasiwedi ya msimamizi kwenye BIOS, programu ya ndani inayoamsha mashine kabla ya Windows, HP EliteBook nazo hivo hivo, hasa zile zilizotoka maofisini. Kama ipo, sema ipo. Kama huwezi kuwasha kuangalia, sema huwezi kuangalia kwa sababu haiwaki, hiyo ni tofauti kabisa na sijaijaribu. Na diski toa, sijali wewe mjanja kiasi gani wa kufuta, laptopu iliyokufa haiwaki utafutaje? Toa diski, andika bila diski, utapoteza pauni chache utalala usingizi, picha za watoto wako na taarifa za benki sio spea.

Kuna wanaodhani wakichagua ile hali ya "kwa spea au haifanyi kazi" na kuandika hairudishwi basi wamejikinga. Hapana. Mnunuzi akipokea kitu tofauti na ulichoeleza anaweza kudai na eBay itamrudishia hela, hata kama kilikuwa kibovu, maana alinunua ubovu ulioueleza wewe, sio mwingine. Ulisema kioo kizima kikafika na mistari, umekwisha. Ndo maana mi napiga video fupi kabla ya kufunga boksi.

Kuhusu ujanja wa kumwambia shemeji aingie apandishe dau ili "wa pili" apatikane, jamani acheni. Najua ndo inafuata kichwani baada ya kusoma yale ya juu. Mwaka 2010 kuna muuzaji alitiwa hatiani Bradford kwa kujipandishia dau mwenyewe kwenye eBay kwa akaunti nyingine, sio mchezo wa kufungiwa akaunti tu. Na pia haulipi, shemeji anashinda mnada unabaki na laptopu yako. Kama unaogopa peni 99, anzia na bei ambayo hata ukipata mtu mmoja huumii. Mi kwa T480 sianzii chini, kwa mashine za zamani naanzia chini kwa sababu sina cha kupoteza.

Na kwa kweli za zamani zimeshuka sana. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, sasa EliteBook 840 G3 ambayo kila mtu Dar na Nairobi anaijua, ya kizazi cha 6, imeachwa nje. Maofisi huku wakaanza kuzimwaga. Ukiwa nayo mbovu usipoteze siku saba za mnada kwa ajili yake peke yake, unganisha mbili tatu za aina moja uza kama fungu, hapo yule anayeunga mbovu tatu kupata nzima moja atakuja, na mwenzake atakuja.

Betri sasa. Betri iliyovimba hairuhusiwi posta, nukta. Sio kwamba uifunge vizuri, hairuhusiwi, inaweza kuwaka moto ndani ya gari la watu. Toa, peleka kituo cha kuchakata taka cha halmashauri yenu, andika kwenye tangazo bila betri. T480 ina betri mbili, moja ya nje inachomoka kirahisi, nyingine iko ndani, usisahau ya ndani ukadhani umemaliza.

Mwisho kuna hili la Kariakoo, maana najua kuna mtu anasoma hapa anasema mbona usipeleke vyote nyumbani, mafundi wa kule wanaweza kufufua chochote. Kweli wanaweza, na mimi naamini fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Nairobi ndiye mnunuzi bora wa mazabodi lenye tatizo dogo kuliko kijana yeyote wa huku, ila kwenye mnada wa eBay hayupo, posta ya kimataifa inammaliza kabla hajaanza, kwa hiyo sisi huku tunapandisha madau kwa niaba yake tunajaza kwenye maboksi ya kontena. Hapo mi nina mpaka wangu. Spea iliyopimwa inafanya kazi, ndiyo, naituma, kibodi, vioo, RAM, chaja, zinapokelewa kwa mikono miwili. Laptopu zilizokufa kabisa zimerundikwa chini ya magodoro na kuandikwa vitu vya nyumbani, hapana. Toka 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kusafirisha taka hatari, unataka taka zote za kielektroniki, hata zisizo na sumu, zipate kibali cha nchi inayopokea kabla hazijasafiri, na huku Uingereza ukikamatwa unatakiwa uoneshe ushahidi kwamba kifaa kimepimwa kinafanya kazi. Na hata bila sheria, ile iliyokataa kufufuka kule inaishia wapi? Inachomwa nyuma ya kibanda ili ipatikane shaba.

Kwa hiyo yale makava yasiyo na kitu ndani, na mabodi yaliyooza kwa maji, siyatumi na siyauzi. Niliwahi kuyaweka bure, mtu aje tu mlangoni achukue, watu waliuliza maswali mengi sana halafu hakuja mtu. Sa hivi yanaenda kituo cha halmashauri pamoja na betri.