Walisema watu 351,664, kalamu ikashikwa na nani?

Machi 2014, Dodoma, Bunge Maalumu la Katiba lilisomewa hesabu mbili kutoka daftari moja, siku tatu tu zikiwa zimepita kati yake. Tarehe 18, Jaji Joseph Warioba, mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, alieleza kwamba kwa Tanzania Bara asilimia 61 ya waliozungumzia muundo wa Muungano walitaka serikali tatu, yaani ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano, na kwamba Zanzibar asilimia 60 walitaka Muungano wa mkataba, yaani nchi mbili zinazoshirikiana kwa makubaliano, na asilimia 34 serikali mbili kama ilivyo sasa. Tarehe 21 akasimama Rais Jakaya Kikwete na kuanzia mbali zaidi. Waliotoa maoni ni 351,664, alisema. Waliougusa muundo wa Muungano ni 47,820 tu, yaani asilimia 13.6. Hao wengine, asilimia 86.4, muundo hauwakeri, ndiyo maana hawakuutaja.

Tarakimu zenyewe hazikubishaniwa sana. Kilichobishaniwa ni maana ya mtu kunyamaza.

Aliyesimama mkutanoni akazungumzia maji, pembejeo au ucheleweshaji wa kesi hakupiga kura ya kubakiza serikali mbili. Alisema kilichomkera, kwa dakika chache alizopewa, akakaa. Ukimhesabu kuwa ameridhika na yote ambayo hakuyataja, unamlisha maneno. Tena kipimo hicho, kama ni cha haki, kipitishwe kwenye rasimu nzima ya katiba iliyoandikwa na Tume: ni ibara ngapi zingebaki kama kila moja ingedaiwa kutajwa na zaidi ya nusu ya watu 351,664? Haki za watoto? Ukomo wa urais? Mamlaka ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu? Rasimu ingebaki karatasi mbili.

Ila na hesabu ya Tume haikai vizuri ikitumiwa kama kura. Waliofika mikutanoni walijileta wenyewe. Hakuna aliyewachagua kwa uwiano wa umri, jinsia au mahali. Nchi ilikuwa na watu karibu milioni 45 kwa sensa ya 2012. Asilimia 61 ya waliojileta na kuzungumzia jambo fulani inakuonyesha hoja iliyoshika kasi na sababu zake. Haikuambii nchi ingepigaje kura. Na huko Zanzibar wengi wa waliozungumzia muundo hawakuomba serikali tatu. Waliomba mkataba. Tume ilifika kwenye serikali tatu kwa kupima sababu: malalamiko ya Bara kwamba Tanganyika imevaa koti la Muungano, malalamiko ya Zanzibar kwamba Muungano unaimeza, na mabadiliko ya Katiba ya Zanzibar ya 2010 yaliyoitaja Zanzibar kuwa nchi. Hiyo ni kazi halali ya tume. Kosa lilikuwa kuipeleka bungeni imevikwa asilimia, kwa sababu ukitanguliza asilimia utajibiwa kwa asilimia.

Turudi kwenye namna maoni yalivyokusanywa, maana kasoro nyingi huanzia huko. Tume ilikuwa na wajumbe 30, nusu Bara nusu Zanzibar, pamoja na mwenyekiti na makamu wake, Jaji Augustino Ramadhani. Ilianza kazi Mei 2012, na kuanzia Julai hadi Desemba ikazunguka nchi nzima kwa vikundi. Mwananchi aliweza kusema mkutanoni, kujaza fomu palepale, kuandika barua, au kutuma ujumbe wa simu na barua pepe. Milango ilikuwa wazi kuliko wakati mwingine wowote. Katiba ya 1977, tukumbushane, ilitokana na tume ya watu 20 chini ya Thabit Kombo, ileile iliyoshughulikia kuunganishwa kwa TANU na ASP, na Bunge la Katiba likaipitisha kwa siku moja, Aprili 25, 1977.

Baada ya mkutano kuna hatua ambayo haina kamera: kuyafupisha maoni na kuyapanga kwa mada. Mkulima anasema, "Huyu tukimchagua hatumwoni tena mpaka uchaguzi mwingine." Hilo litaingizwa wapi? Kwenye haki ya wapiga kura kumwondoa mbunge? Kwenye ukomo wa vipindi vya ubunge? Kwenye malalamiko ya jumla yasiyo ya kikatiba? Mtu mmoja mwenye kalamu anaamua, na kwenye jedwali la mwisho mkulima yule ni tarakimu moja katika safu ambayo hakuichagua. Dawa yake si ngumu: maoni yahifadhiwe kwa maneno yaliyotamkwa, yapewe namba, na mwenyewe aweze kuyatafuta na kuona yalipangwa wapi.

Kasoro ya pili ni kukaririshwa. Zanzibar mwaka 2012 jambo hili lilionekana kwa macho: kambi ya mkataba na kambi ya serikali mbili zilijipanga, na mzungumzaji wa kumi akarudia sentensi ya wa kwanza, karibu neno kwa neno. Wapo wanaosema hiyo ni hujuma. Hapana, ni siasa, na watu wana haki ya kujipanga. Ila ukihesabu vichwa katika mkutano wa namna hiyo unahesabu malori yaliyoleta watu. Ukiandika hoja, hata ikirudiwa mara mia unaiandika mara moja.

Historia yetu yenyewe inawaumbua wanaoabudu wingi, wa pande zote mbili. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa 1991, ilisikiliza zaidi ya watu 36,000 kuhusu chama kimoja au vyama vingi. Asilimia 77.2 walitaka chama kimoja kiendelee, asilimia 21.5 walitaka vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, CCM ikakubali, na 1992 sheria ikabadilishwa. Anayesema leo kwamba maoni ya wengi mikutanoni hayaguswi, aanze kwa kuturudisha kwenye chama kimoja. Na anayesema rasimu ya tume si lolote kwa kuwa haina wingi nyuma yake, aeleze uhalali wa mfumo ambao umemweka bungeni.

Mwaka 1998 Serikali ilijaribu njia nyingine: Waraka uliotaja mambo ya kuulizwa, na kwa kila jambo ukatanguliza msimamo wa Serikali yenyewe. Kamati ya Jaji Robert Kisanga ikazunguka nao, kisha nayo ikapendekeza serikali tatu, na Rais Benjamin Mkapa akaikatalia waziwazi. Swali lililokuja na jibu mgongoni halikumsaidia hata mwenye kuliuliza.

Baada ya Rasimu ya Kwanza kutoka Juni 3, 2013, ikiwa na ibara 240, yakaja Mabaraza ya Katiba ya wilaya, ya kuijadili. Hapa namna ya kuwapata wajumbe ndiyo iliyoleta ugomvi. Wananchi walipendekeza majina katika vijiji na mitaa, lakini mchujo wa mwisho Bara ulifanywa na Kamati ya Maendeleo ya Kata, watu wanne kwa kata, wanane kwa kata za Dar es Salaam. Kamati hiyo ni diwani na wenyeviti wa vijiji au mitaa, na kwa sehemu kubwa ya nchi hao walikuwa wa chama kimoja. Hakuna aliyehitaji kuiba chochote. Ukiipa kamati ya aina hiyo kazi ya kuchuja, utapata baraza linalofanana nayo. Watetezi walisema uchaguzi wa moja kwa moja katika kata zote ungekula fedha na muda, na hilo ni kweli. Lakini bahati nasibu mbele ya mkutano wa kijiji, kwa nafasi zilizotengwa za mzee, kijana na mwanamke, ingegharimu kofia moja na vikaratasi.

Rasimu ya Pili ilikabidhiwa Desemba 30, 2013, ikiwa na ibara 271. Kisha Bunge Maalumu likaanza Februari 2014. Muundo wake: wabunge wote wa Jamhuri ya Muungano, wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi, na watu 201 walioteuliwa na Rais kutoka katika makundi, wakiwamo 42 wa vyama vya siasa, 20 wa taasisi za dini, 20 wa watu wenye ulemavu, 20 wa wakulima, 10 wa wafugaji na 10 wa wavuvi. Takriban theluthi mbili ya ukumbi walikuwa wanasiasa kabla hata ya kuhesabu hao 42.

Mjadala wa taifa umekwama kwenye serikali tatu, na kwa maoni yetu huo ndio mfano mbovu kuliko yote wa kupimia uaminifu wa Bunge lile. Serikali mbili zina hoja nzito. Rasimu ilishusha mambo ya Muungano kutoka 22 hadi 7 na kuitegemeza Serikali ya Muungano zaidi kwenye ushuru wa bidhaa. Kikwete aliuliza itaishije serikali yenye jeshi lakini isiyo na chanzo imara cha fedha, na swali hilo halikujibiwa vya kutosha. Mtu mwadilifu anaweza kulifuta pendekezo la serikali tatu na kulala usingizi.

Tazama ibara za wabunge. Rasimu ya Warioba ilisema mbunge asiwe waziri, asikae zaidi ya vipindi vitatu vya miaka mitano, na wapiga kura waweze kumwondoa kabla ya muda. Zote tatu hazikufika kwenye Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa Oktoba 2, 2014. Yule mkulima wetu wa "hatumwoni tena" alijibiwa na haohao aliowalalamikia. Hapo huhitaji takwimu: ni mgongano wa masilahi, umekaa mezani mchana kweupe. Kwa upande mwingine, Bunge hilohilo liliingiza haki za wakulima, wafugaji, wavuvi na wachimbaji wadogo, na likaweka usawa wa wanawake na wanaume bungeni. Wajumbe wa makundi walifanya kazi pale ambapo haikugusa viti vya wakubwa.

Wapinzani chini ya UKAWA, Umoja wa Katiba ya Wananchi, walikuwa wametoka ukumbini tangu Aprili 16. Na Tume, ambayo ndiyo iliyojua kila neno lilitoka wapi, ilikuwa imeshavunjwa. Hata tovuti yake, yenye rasimu na takwimu, ikaondolewa hewani. Mjumbe aliyetaka kujua kwa nini ibara fulani imeandikwa vile hakuwa na wa kumuuliza.

Jirani zetu Kenya hawakuwa malaika. Rasimu ya Bomas, iliyotokana na mkutano wa taifa wa katiba, ilibadilishwa na wanasiasa, wananchi wakaipiga chini kwenye kura ya maoni Novemba 2005. Mwaka 2010 huko Naivasha kamati ya wabunge iliugeuza tena mfumo wa serikali kuwa wa urais. Lakini kulikuwa na kufuli mbili. Ya kwanza, rasimu ilirudi kwa Kamati ya Wataalamu, iliyokuwa bado hai. Ya pili, Bunge lilihitaji asilimia 65 ya wabunge wote kubadili neno. Yaliletwa mapendekezo ya marekebisho zaidi ya 150, halikupita hata moja, na rasimu ikaenda kwa wananchi Agosti 4 jinsi ilivyokuwa. Kwetu theluthi mbili za kila upande wa Muungano zilidaiwa kupitisha ibara. Kenya wingi mkubwa ulidaiwa kuibadili. Kanuni hizo zinafanana kwa sura, kumbe zimeelekea pande tofauti: ya kwao ililinda rasimu, ya kwetu iliiacha itetewe na yeyote mwenye kura, na hakuwepo.

Ubaya wa kufuli ya Kenya nao utajwe. Wataalamu wachache wasiochaguliwa na mtu wanapata nguvu ya kuwashinda wabunge waliochaguliwa. Wakikosea, kosa linapita. Na ndiyo maana baadaye mahakama zikawa mwamuzi: katika kesi ya BBI, mpango wa kuibadili Katiba ya Kenya, Machi 31, 2022, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba wananchi walishirikishwa vya kutosha kwa ujumla, isipokuwa kwenye jedwali la majimbo 70 mapya, lililochomekwa bila wao kuulizwa. Kipimo hicho kina akili. Swali linakuwa kama kipande kilichoongezwa mwishoni kiliwahi kupita mbele ya watu, na idadi ya waliozungumza inabaki nyuma.

Kwetu kura ya maoni ilipangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa mapema mwezi huo kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za alama za vidole haukuwa umekamilika. Haijafanyika hadi leo. Mwaka 2022 Kikosi Kazi cha Profesa Rwekaza Mukandala kilipendekeza mchakato ufufuliwe, na tangu hapo swali linalogombewa ni tuanzie kwenye Rasimu ya Warioba au kwenye Katiba Inayopendekezwa.

Kabla ya kugombea karatasi ya kuanzia, sheria ya mchakato inahitaji vifungu vitatu. Tume isivunjwe mpaka siku ya kura ya maoni. Ibara yoyote ikifutwa au kugeuzwa, waliofanya hivyo waandike sababu kwa Kiswahili na zichapishwe pamoja na rasimu inayopelekwa kwa wananchi. Na ibara zinazohusu muda, mishahara na kuondolewa kwa wabunge zisipigiwe kura na wabunge kabisa. Ziende moja kwa moja kwa mpiga kura kama swali lake la pekee, pembeni ya lile la ndiyo au hapana kwa katiba nzima.