Gari langu halidondoshi hata tone

Pikapu yangu ilizaliwa bila AC. Miaka yote nilishusha vioo nikamwachia Mungu, na Machi ya Dar es Salaam unaijua: unaoga saa kumi na mbili, saa moja umeshalowa upya. Nilipopata vijisenti nikaenda Gerezani, fundi akanifungia AC ya mtumba. Kompresa akaipachika ubavuni mwa injini, na lile boksi lenye koili akalining'iniza chini ya dashibodi, upande wa abiria, pale ambapo mtu mrefu lazima aligonge kwa goti. Ubaridi uliotoka humo ungehifadhi samaki.

Siku ya pili, Alhamisi, nikaona maji chini ya gari. To, to, to. Roho ikaniruka, pesa yangu yote ile! Nikachungulia uvunguni, nikaona kimpira chembamba kimetokeza sakafuni, kinalia machozi. Kurudi Gerezani sikutaka, maana yule akishika spana tu ni bili. Nikamwita fundi pancha wa mtaani, akakikunja kimpira na kukifunga kwa ukanda wa tyubu, kama anafunga kiroba cha mkaa. Elfu moja tu. Maji yakakata.

Nikaanza kutamba. Gari la jirani lina AC ya kiwandani, likisimama linaacha kidimbwi. "Jirani, lako linavuja," nikamwambia. "Langu hata tone." Ni kweli nilipokata kona nilisikia chubwi, chubwi, nikadhani ni dumu la maji kule nyuma. Nyuma hakukuwa na dumu.

Jumamosi nikaenda Ukonga kumchukua baba mkwe. Tulikuwa tunampeleka shemeji yangu posa Ilala, na mzee ndiye msemaji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Nasikia siku hizi gari lako lina Ulaya ndani."

Alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ukiigusa unajikata, na kofia ya viua. Nikafungua AC namba ya mwisho. Kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere mzee akafumba macho, anarudiarudia hotuba yake taratibu: "Tumeona ua katika bustani yenu..."

Tazara tukapanda daraja la Mfugale. Foleni ikatusimamisha katikati ya mwinuko, pua ya pikapu inatazama mbinguni. Magari yakasogea, nikakanyaga mafuta.

Boksi likatapika. Wala si matone, ni ndoo! Maji ya baridi ya barafu, na yote yakamwangukia mzee palepale mapaja yanapokutana. Aliruka, kofia ikagonga paa.

"Subhanallah! Mkwe, nini hiki?"

"Baba, ni... ni AC."

"AC inakojoa?"

Angejua yanayomngoja Ilala, neno lile asingelitamka.

Tulipofika, vigelegele vilianza vizuri, vikafia njiani. Kanzu nyembamba, nyeupe, imelowa mahali pamoja tu. Mwenyeji akamnong'oneza mtoto, "Mwonyeshe babu choo." Mzee akasema kwa sauti ya kimsikiti kwamba haya ni maji ya AC ya gari. "Ndiyo, ndiyo, AC," wazee wakaitikia, kwa ule upole wa kumliwaza mgonjwa. Kisha mzee mmoja wa upande wa binti akamwinamia, nami nimekaa hapohapo, akamwambia, "Mwenzangu, usione haya. Hata mimi sukari ilinianza hivihivi."

Wakamwazima msuli. Hotuba akaitoa bila kukosea hata neno, na posa ikakubaliwa. Kama ni kwa ufasaha au kwa huruma, sijui. Kurudi Ukonga alipanda daladala.

Jumatatu nikarudi Gerezani. Fundi akaingia uvunguni, akafungua ule ukanda wa tyubu, yakamwagika yaliyobaki. "Nani kaziba huku?" Nikamwambia labda watoto.

"Bosi, hewa ya Dar imejaa mvuke. Ikipita kwenye koili ya baridi, mvuke unageuka maji, kama bilauri ya maji ya barafu inavyotoka jasho mezani. Siku ya unyevu kama leo unaweza kupata lita nzima kwa saa. Yanaanguka kwenye sinia chini ya koili, yanatokea kwenye huu mpira. AC isiyodondosha siku kama hizi ndiyo ya kuogopa. Sasa wewe... hao watoto wakiziba, maji yaende wapi?"

Yaende kwa mkwe, nikajibu kimoyomoyo.

Siku hizi nikifika ukweni, mzee haniulizi habari za nyumbani kwanza. Ananiambia niache injini inaunguruma, anakunja kanzu, anachungulia uvunguni. Akikuta pakavu, anaita bodaboda.