"Inafanya kazi au haifanyi?" Swali lililonichosha

Wiki iliyopita nilirudishiwa bajeti ya utafiti ikiwa imepitiwa na kalamu nyekundu. Kifungu kimoja kimefutwa chote: tathmini ya mchakato, yaani kufuatilia jinsi mradi unavyotekelezwa na unavyowafikia watu. Pembeni kumeandikwa maneno matatu, "Tutajua matokeo yakitoka." Siku ya nne leo, na kila nikiyasoma nayaona mapya. Tutajua nini, jamani?

Wenzangu wa kazi hizi mnajua kinachofuata. Miaka mitatu inapita, takwimu zinatoka, tofauti kati ya maeneo yenye afua, yaani hatua tuliyoipeleka kuboresha afya, na yale ya kulinganishia haionekani. Ripoti inaandika kwamba afua haikuonyesha ufanisi, kabati linafungwa, watu wanahamia mradi mwingine. Kama afua yenyewe ilikuwa mbovu, au ilikuwa nzuri ila haikuwafikia walengwa, au iliwafikia ikiwa imeshachuja kama chai ya mara ya tatu, hakuna anayeweza kusema. Aliyekuwa ayaandike hayo alifutwa na kalamu nyekundu.

Nikianza kulalamika hivi huwa naambiwa nina "mambo ya kinadharia". Haya, tuache nadharia. Tuzungumzie vikundi vya akina mama.

Kule Makwanpur, Nepal, wanawake walikutana kila mwezi na mwezeshaji ambaye hakuwa muuguzi wala daktari, alikuwa mwanamke wa palepale. Walizungumza matatizo ya ujauzito na uzazi, wakachagua wenyewe la kufanya. Wengine walianzisha mfuko wa kuchangiana, wengine wakatengeneza machela za kubebea wagonjwa. Matokeo yalichapishwa 2004: vifo vya watoto wachanga vilikuwa chini kwa asilimia 30 kuliko kwenye maeneo ya kulinganishia. Watu wakashangilia. Mwaka 2010 yakatoka ya India, majimbo ya Jharkhand na Orissa (sasa Odisha), asilimia 32. Na mwaka uleule, katika jarida lilelile, yakatoka ya Bangladesh: hakuna kitu. Vikundi vilevile, mizunguko ileile ya mikutano, na vifo havikupungua kwa kiasi cha kuonekana.

Kwa akili ya kalamu nyekundu, hapo ndipo mwisho. Mbili zimekubali, moja imekataa, fungeni faili.

Bahati nzuri kuna watu walikuwa wamehesabu vitu visivyo na mvuto. India kulikuwa na kikundi kimoja kwa watu wapatao 468. Bangladesh, kimoja kwa watu 1,414. Basi. Wajawazito wengi hawakuwahi hata kukaa kwenye mkeka wa kikundi, sasa kingewasaidiaje? Wakarudi Bangladesh, wakaongeza vikundi, na matokeo yaliyochapishwa 2013 yakaonyesha vifo vya watoto wachanga vimepungua kwa asilimia 38. Nchi ileile! Mwaka huohuo majaribio saba kutoka Bangladesh, India, Malawi na Nepal yalijumlishwa pamoja, na palipohudhuria angalau asilimia 30 ya wajawazito, vifo vya watoto wachanga vilishuka kwa theluthi.

Sasa niambieni, lile jaribio la 2010 lilikuwa "halifanyi kazi"? Lilikuwa halijawafikia watu. Hayo ni majibu mawili tofauti kabisa, na anayeyachanganya anaweza kuua kitu kinachookoa watoto, kisha akaenda kulala usingizi wake mnono kwa sababu thamani ya p, ile namba ya takwimu inayotumika kuamua kama tofauti ni ya bahati tu, ilikuwa upande wake.

Nirudi kwetu, kwenye miradi ya kujaza fomu. Kwenye mradi mmoja niliowahi kufanya kazi, kulikuwa na mwezeshaji aliyehamisha mkutano kutoka mchana kwenda jioni kwa kuwa mchana walikuwa wanakuja watu watatu. Jioni walijaa. Fomu ya usimamizi ilikuwa na swali moja tu: mkutano umefanyika kwa saa iliyopangwa, ndiyo au hapana? Akaweka hapana, maana alikuwa mkweli, maskini. Mwisho wa robo mwaka akawa wa pili kutoka chini kwa "kufuata mwongozo". Aliyekuwa wa kwanza aliendesha mikutano yake saa nane kamili, na viti vitupu. Yule mwezeshaji wa jioni alinionyesha daftari lake binafsi: nani hakuja, kwa nini, mkwe wa nani amekataza, mada gani iliwafanya watu wanyamaze. Kurasa na kurasa. Hakuna aliyewahi kumwomba lile daftari. Mimi pia sikuliomba, nililisoma tu nikamrudishia, na hilo linaniuma mpaka leo.

Si kwamba jibu halikuwapo. Mtafiti Penelope Hawe na wenzake, Alan Shiell na Therese Riley, waliandika katika BMJ, jarida la tiba la Uingereza, tangu 2004 kwamba kinachotakiwa kufanana kati ya sehemu na sehemu ni kazi ya kila kipengele, si sura yake. Kama lengo la mkutano ni watu wakutane wazungumze, basi saa ya jioni ndiyo uaminifu wenyewe kwa mwongozo, na saa nane yenye viti vitupu ndiyo ukiukaji. Mwongozo wa Uingereza wa afua changamani, yaani zenye vipengele vingi vinavyotegemeana, ule wa Baraza la Utafiti wa Tiba uliotoka 2000, ukarekebishwa 2008, toleo lake la 2021 nalo linasema wazi kwamba kuuliza kama afua imefaulu hakutoshi. Zaidi ya miaka 20 tangu toleo la kwanza, na bado tunarudishiwa bajeti zenye kalamu nyekundu.

Sawa, nikubali, ingawa kwa shingo upande. Bila majaribio ya nasibu, yale ambayo bahati nasibu ndiyo inaamua nani apate afua na nani awe wa kulinganishia, tungekuwa tunadanganyana. Nimeshakaa na watu ambao kila mradi wao ukishindwa ni "muktadha", ukifaulu ni wao. Muktadha umekuwa pazia la kufichia uvivu, na hata hii asilimia 38 ya Bangladesh nisingeithubutu kuitaja kama isingekuwa na kundi la kulinganishia. Ndiyo maana sisemi tufute jaribio. Nasema anayehesabu vifo aambatane na anayeandika yaliyotokea, na wote wawili walipwe.

Kuhusu muda wa ufadhili wa miaka miwili kwa jambo linalohitaji mitano, hata sianzi. Nitapandisha presha.

Nimeijibu jana usiku barua pepe iliyoniletea bajeti ile. Nimeambatanisha zile namba mbili, 468 na 1,414, bila maelezo marefu, nikaomba kifungu kirudishwe hata kwa nusu ya fedha. Asubuhi nimejibiwa kwamba litajadiliwa. Nimeipitia tena bajeti yenyewe kutoka juu hadi chini: hafla ya uzinduzi haikuguswa, na fulana zimeongezwa.